Noti ya dola 100: kesi ya wanaoiita The Apartment filamu chafu

C.C. Baxter anapokea dola 94.70 kwa wiki baada ya makato. Anatutajia mwenyewe, kwa sauti inayosikika juu ya picha, kabla hatujamwona akifanya jambo lolote la maana. Anatutajia pia kwamba meza yake ni namba 861, Sehemu ya W, katika hesabu za ada za bima, ghorofa ya 19. Kwamba makao makuu ya mwajiri wake, kampuni ya bima ya kubuni iitwayo Consolidated Life ya New York, yana wafanyakazi 31,259. Na kwamba fleti anayoishi, jirani kabisa na Central Park, kodi yake ni dola 85 kwa mwezi. Ilikuwa 80 mpaka Julai, mama mwenye nyumba alipofunga kiyoyozi cha mtumba akaongeza tano. Watazamaji wengi huzipita namba hizi wakisubiri vichekesho vianze. Vimeshaanza, na utetezi wote wa filamu umo humo.

Filamu ni The Apartment ya mwaka 1960, ya nyeusi na nyeupe, iliyoongozwa na Billy Wilder na kuandikwa naye pamoja na I.A.L. Diamond. Jack Lemmon ni Baxter, karani kapera anayewaazima mameneja wanne fleti yake wakutane na vimada wao, kwa matumaini ya kupandishwa cheo. Shirley MacLaine ni Fran Kubelik, mwendesha lifti ambaye Baxter anampenda bila kujua kuwa ana uhusiano na Jeff Sheldrake, mkurugenzi wa utumishi, anayechezwa na Fred MacMurray. Filamu ilitajwa kwenye vipengele 10 vya Oscar ikashinda 5, filamu bora ikiwemo, na Wilder akaondoka usiku huo na tatu mkononi. Ya tuzo yaishie hapo.

Mashtaka dhidi yake yana umri sawa na filamu yenyewe. Hollis Alpert, mhakiki wa jarida la Saturday Review, aliiita ngano chafu, na jina hilo likaganda. Shtaka la kwanza linamhusu Baxter: huyu si mtu mwema aliyepotea njia, huyu ni kuwadi. Anajua kitanda chake kinafanya kazi gani, anajua wageni wake wana wake majumbani, na malipo anapokea. Shtaka la pili linamhusu Fran: msichana anameza vidonge vya usingizi mkesha wa Krismasi, anaokolewa kwa taabu, kisha filamu inaendelea kuchekesha kando ya kitanda kile kile alicholazwa. La tatu ni mwisho wake, ambapo mwanamke aliyechezewa na bosi anaonekana kukabidhiwa karani kama zawadi ya toba. Msomaji wa leo, ambaye habari za rushwa ya ngono kazini anazisikia kila mara, huongeza la nne: mtu anayeshika faili la kila mfanyakazi anatembea na mwendesha lifti, na filamu inathubutu kuyaita hayo mapenzi.

Si mashtaka ya kipuuzi. La kwanza ni kweli tupu, na anayebisha hajaitazama filamu. Lakini wanaoyatoa huzungumzia uchafu kwa jumla jumla, wakati Wilder na Diamond wameonyesha hatua kwa hatua biashara hiyo inavyoendeshwa, nani anatoa nini na nani anabaki na deni. Ukiifuata biashara yenyewe, hukumu inabadilika.

Ufunguo ni mmoja. Mwenye zamu akimaliza anauacha chini ya zulia la mlangoni, Baxter anaingia. Zamu zinaandikwa kwenye kalenda. Saa za kazi ni kuanzia 2:50 asubuhi hadi 11:20 jioni, zikipishana kwa ghorofa ili lifti 16 ziweze kuwabeba watu wote hao. Baada ya hapo mameneja wana muda mfupi tu kabla ya kurudi kwa familia zao, Sheldrake kwa treni ya White Plains. Kwa hiyo fleti inatakiwa iwe karibu, iwe na vinywaji, na iwe tupu. Vinywaji ni juu ya Baxter. Ananunua yeye, anadai baadaye, anaambiwa atalipwa Ijumaa. Mmoja wao bila haya anauliza vimekwenda wapi vile vibiskuti vya jibini alivyovizoea. Mwenye nyumba anasimama barabarani kwenye baridi ya Novemba akisubiri dirisha lake mwenyewe lizimwe taa.

Msomaji wa Afrika Mashariki atauliza kwa nini wasiende gesti. Gesti ina daftari la wageni, na inalipwa kutoka mfukoni. Fleti ya Baxter haina daftari, na malipo yake hayatoki mfukoni mwa mtu: yanatoka kwenye kampuni, kama sifa nzuri katika ripoti ya utendaji. Hapo ndipo penye ujanja wa mpango mzima. Mameneja wanalipa kwa cheo, na cheo si mali yao. Wanatumia mali ya mwajiri kununua starehe binafsi, halafu hata chupa ya pombe wanakopa. Tukitafuta jina la kisheria la jambo hili, ufisadi wa ofisini unalifaa kuliko uasherati, na filamu imelielewa hivyo tangu mwanzo.

Kinachoharibika kinaharibika kwa sababu za kawaida kabisa, na huo ndio umahiri wa hati yenyewe. Meneja mmoja, Dobisch, anampigia simu usiku Baxter akiwa ameshapanda kitandani. Amempata mwanamke baa na anataka nafasi dakika chache tu. Baxter anatoka, analala kwenye benchi la Central Park, anaamka na mafua. Tena Dobisch ameacha chini ya zulia ufunguo usio wenyewe, ule wa choo cha wakubwa kazini, akaondoka na wa fleti, hivyo Baxter amelazimika kumwamsha mama mwenye nyumba na kumtungia uongo. Kwa sababu ya mafua anataka kulala nyumbani usiku unaofuata. Kwa hiyo anapiga simu kumwomba mwenye zamu ahame siku. Siku anayoitaka huyo ina mtu. Huyo naye akihamishwa anamgusa wa tatu, na wa tatu hawezi kukubali mpaka amwulize mwanamke wake anayekaa kwenye ubao wa simu, ambaye analalamika kwamba atakosa kipindi chake cha runinga. Mlolongo unazunguka kampuni nzima na kurudi kwa mtu mwenye kipimajoto mdomoni. Mtazamaji anacheka, na huku amefundishwa jinsi mfumo unavyokula muda wa kazi, simu za kazi na mwili wa mtu wa chini kabisa. Ufunguo wa choo cha wakubwa nao umeshawekwa akilini mwetu, utahitajika mwishoni.

Sheldrake anaigundua biashara hii kwa njia ambayo mkaguzi wa hesabu angeifurahia. Mameneja wanne wa idara tofauti wanamsifu karani mmoja asiye na jina kati ya watu 31,259, wote kwa pamoja. Kama mkurugenzi wa utumishi anajua kwamba sifa za namna hiyo hazipatikani kwa uchapakazi. Anamwita Baxter, anamhoji kwa sauti ya maadili ya kampuni, anamtoa jasho, halafu anaomba ufunguo. Kilichokuwa mpango wa wahuni wanne wa ngazi ya kati kinahamia kwenye ofisi yenye mamlaka ya kuajiri na kufukuza. Kuanzia hapo Baxter hana tena hiari ile aliyokuwa nayo mwanzo. Sheldrake anamweleza wazi baadaye kwamba kupanda hadi ghorofa ya 27 huchukua miaka, na kurudi mtaani huchukua sekunde 30.

Sasa turudi kwenye dola 94.70, kwa sababu wanaoitetea filamu hii kwa hoja kwamba Baxter ni maskini aliyebanwa wanaitetea vibaya. Zidisha kwa wiki 52: dola 4,924.40 kwa mwaka. Kodi ya 85 kwa miezi 12 ni 1,020. Kodi inakula karibu asilimia 21 ya pesa anayoshika mkononi. Kijana asiye na mke wala mtoto, anayelipa moja ya tano ya mshahara wake kwa fleti ya mtu mmoja karibu na bustani kuu ya jiji, hana njaa. Mshahara wa wiki moja tu unalipa kodi ya mwezi na kumwachia dola 9.70. Wilder angeweza kumpa mama mgonjwa huko Ohio, au deni la hospitali, na machozi yangepatikana kwa urahisi. Hakufanya hivyo. Baxter anauza faragha yake kwa sababu anataka kutoka meza namba 861, basi. Filamu imemnyima kisingizio makusudi, kisha ikatutajia mshahara hadi senti ili tusimtungie kingine.

Namba hizo zina kazi ya pili, inayoonekana mkesha wa Krismasi. Fran amemletea Sheldrake zawadi, santuri ya mpiga piano wa ule mgahawa wa Kichina wanakokutania. Sheldrake hajaandaa kitu. Anatoa noti ya dola 100, anampa, anamwambia akajinunulie chochote, huko dukani Bergdorf kuna mikoba mizuri ya ngozi ya mamba. Wahakiki huandika kwamba tendo hilo ni la kikatili, wakapita. Simama hapo kidogo. Dola 100 zinazidi mshahara wa wiki nzima wa Baxter kwa dola 5.30. Zinalipa kodi ya mwezi ya chumba wanachogombania na kubakisha 15. Kwa wiki kadhaa Baxter amenunua pombe, amelala nje, ameugua, ameghushi majibu kwa majirani, na malipo yake yote yamekuwa ahadi. Sheldrake, mtu anayepata karibu kila kitu bure, sasa anatoa pesa yake taslimu, na anampa mwanamke anayedai kumpenda, ndani ya fleti ambayo hajailipia hata senti moja, huku akiangalia saa asikose treni.

Fran anaielewa hesabu hiyo papo hapo. Anaanza kuvua koti lake, kwa kuwa, kama anavyosema, imeshalipiwa. Sheldrake anamkemea asiseme hivyo tena. Tazama nani anaona aibu kwa kitu gani: yeye haoni aibu kutoa noti, anaona aibu kuisikia ikiitwa jina lake. Dakika chache baadaye Sheldrake ameondoka, Fran yuko peke yake na vidonge vya Baxter. Bahasha anayoiacha kwa ajili ya Sheldrake haina barua ya kuaga, ina ile noti. Amerudisha malipo. Kwa nafsi yangu sioni jinsi mtu anavyoweza kuitazama bahasha hiyo, baada ya kutajiwa mishahara na kodi tangu mwanzo, akasema filamu hii haijui inachokitenda. Mwandishi mzembe angeandika barua ndefu ya huzuni. Wilder na Diamond walifunga hesabu.

Ukitaka ushahidi mwingine kwamba Fran hakuachwa kuwa pambo, fuatilia kikebe chake cha poda chenye kioo kilichopasuka. Mara ya kwanza Baxter anakiokota kwenye fleti na kumrudishia Sheldrake, akidhani ni cha hawara fulani asiyemjua. Sheldrake anaeleza kwamba alirushiwa. Mara ya pili, kwenye sherehe ya Krismasi ofisini, Baxter amenunua kofia ngumu ya duara ya mabosi wadogo na anataka kujiona ilivyomkaa. Fran anampa kioo. Baxter anajiona amegawanyika vipande viwili, na anajua yote bila mtu kumwambia neno. Anamwambia kioo kimevunjika. Anajibiwa kwamba ndivyo apendavyo, kinamwonyesha jinsi anavyojisikia. Kitu kimoja cha bei ndogo kimebeba ugunduzi wa mwanamume na maumivu ya mwanamke kwa wakati mmoja, na neno la kukumbukwa limepewa mwanamke. Ni yeye pia anayetoa nadharia ya jiji zima pale anapogawa watu mafungu mawili, wanaochukua na wanaochukuliwa, na hawa wa pili wanajua wanachukuliwa ila hawana la kufanya.

Kuhusu vichekesho baada ya vidonge, kipimo changu ni rahisi: hesabu kicheko kinamwangukia nani. Daktari Dreyfuss, jirani wa ukuta wa pili, amekuwa akisikia kelele kila usiku na kuona chupa tupu zinavyotoka, akaamini kwamba Baxter ndiye anayefanya yote. Amewahi kumwomba akifa awaachie wataalamu wa chuo kikuu mwili wake wauchunguze. Sasa anampigania Fran ili asilale tena, kwa kahawa na kutembezwa chumbani, na hasira yake yote anaielekeza kwa Baxter, ambaye anakubali lawama isiyo yake ili kumlinda bosi. Baxter anachuja tambi kwa raketi ya tenisi: kicheko ni chake. Anakusanya wembe bafuni kimya kimya: hapo hakuna anayecheka. Shemeji yake Fran, dereva wa teksi, anafika kumtafuta, kwa sababu mameneja waliokasirika kunyimwa fleti wamemwelekeza huko, na anampiga Baxter ngumi. Kicheko ni cha Baxter tena, anafurahi kupigwa kwa sababu Fran ameinama kumwangalia. Kitandani kwenyewe kamera haimchezei mgonjwa hata mara moja. Inamwacha acheze karata, alie, alale.

Mchanganyiko huo wa mzaha na mauti unawasumbua watu, na kwa haki. Kuna sehemu ambapo unalegea. Wakati Fran amepoteza fahamu, Baxter yuko baa na Margie MacDougall, mke wa mpanda farasi aliyefungwa Havana, na filamu inakwenda huku na kule kati ya chumba na baa. Kimuundo ni sawa: tunajua, yeye hajui, na kila tone la pombe analokunywa linatuuma. Lakini kicheko hapo kinamwangukia Margie, sauti yake na upweke wake, na hakina ulazima. Vivyo hivyo vimada wa wale mameneja wanne: Sylvia wa kwenye ubao wa simu na yule mwanamke wa baa aliyetengenezwa kwa mfano wa Marilyn Monroe ni mzaha mtupu. Filamu inayodai kwamba kila mwanamke anayepita kwenye kile chumba ana thamani ingepaswa kuwapa hata sekunde 10.

Wanaosema mwisho wake ni karani kuzawadiwa mwanamke hawajaisikiliza sentensi moja. Baada ya Fran kupata nafuu, Baxter anajizoeza njiani kumwambia Sheldrake kwamba atamwondolea Bi Kubelik mikononi. Anafika ofisini, Sheldrake, aliyefukuzwa na mkewe, anamtangulia na kumwambia habari njema: yeye ndiye atakayemwondolea Baxter Bi Kubelik mikononi. Maneno ni yale yale. Kwa maana nyingine, hadi saa hiyo Baxter bado anamzungumzia Fran kwa lugha ya mizigo, kama bosi wake. Filamu inamwonyesha hilo kwa kulitia mdomoni mwa mtu anayemchukia, na inampa cheo kikubwa kuliko vyote siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo anachoweza kufanya ni kuacha kuwa sehemu ya ununuzi. Sheldrake anapouomba ufunguo kwa ajili ya mkesha wa Mwaka Mpya, Baxter anatoa ufunguo mezani. Sheldrake anautazama: ni wa choo cha wakubwa. Lile kosa dogo la usiku wa Dobisch limerudi kama uamuzi. Kofia anamvika mfagizi njiani akitoka.

Hajui kama Fran atakuja. Hajajiuzulu ili apate mke. Anafungasha mizigo aondoke. Fran anasikia habari hiyo kwa Sheldrake mwenyewe, aliyekasirika, mezani, na anaondoka pale taa zinapozimwa saa sita ya usiku. Anakimbia yeye. Baxter anapomtamkia mapenzi, Fran hasemi anampenda. Anamkatiza, anamtaka anyamaze na agawe karata. Baxter hana kazi, ana kodi ya dola 85 na amepoteza mshahara ambao umeshakua. Kama hii ni zawadi, imetolewa bila karatasi ya rangi.

Nina neno juu ya nyeusi na nyeupe, kwa sababu siku hizi husifiwa kama urembo wa kale. Mwaka 1960 rangi ilikuwepo, na skrini pana ya Panavision ilizoeleka zaidi kwenye filamu za majeshi na majangwa. Wilder na mpiga picha Joseph LaShelle waliichukua skrini hiyo, wakaipunguzia rangi, wakaipeleka ofisini. Msanifu wa seti, Alexandre Trauner, alijenga ukumbi wa ghorofa ya 19 kwa hila ya macho: meza za mbele ni za kawaida, zinazofuata ndogo kidogo, za nyuma ndogo zaidi, na watu wanaokaa huko wafupi zaidi, hadi mwisho kabisa, ambako kuna vitu vidogo mno ambavyo jicho linavikubali kuwa watu. Mistari ya taa za dari inateremka kuelekea nukta moja. Matokeo ni ukumbi usio na mwisho ndani ya studio yenye mwisho, na mtu mmoja anayeendelea kugonga mashine ya kujumlishia baada ya wenzake kuondoka, kwa sababu nyumba yake ina mgeni. Rangi ingempa tai ya kumtofautisha. Kwenye kijivu hicho hana cha kumtofautisha ila namba ya meza, na mtazamaji anaelewa bila hotuba kwa nini mtu angetoa ufunguo wa nyumba yake ili aondoke hapo.

Chimbuko la wazo nalo linaunga mkono upande huu. Wilder alieleza kwamba lilimjia alipotazama Brief Encounter, filamu ya Uingereza ya mwaka 1945, ambamo daktari mwenye mke anatumia fleti ya rafiki yake. Wapenzi wale hawakumvutia sana. Alimfikiria yule rafiki, anayerudi baadaye na kupanda kitanda chenye joto la watu wengine. Kwa sheria za maadili zilizobana Hollywood miaka ile hakuweza kuitengeneza wakati huo. Anayetaka kusifu uzinzi angebaki na wapenzi. Yeye alimfuata mwenye shuka. Husimuliwa pia kwamba filamu ilipoonyeshwa Berlin Mashariki na kusifiwa kwa kuwaumbua mabepari, Wilder aliwaambia hadithi kama hiyo ingeweza kutokea mji wowote duniani isipokuwa Moscow, kwa kuwa Moscow hakuna mtu mwenye fleti ya peke yake ya kuazima. Mzaha, ndiyo, lakini mtu mwenye mzaha huo anajua alichokuwa anakipima: nafasi, nani anayo, na bei yake.

Shtaka linalobaki bila jibu ni la Sheldrake. Katika hesabu hii iliyofungwa kwa uangalifu hadi senti, deni lake halidaiwi. Mke amemfukuza, naye analipokea hilo kama likizo. Cheo anacho, ofisi anayo, mafaili ya wafanyakazi anayo. Watetezi husema huo ndio ukweli wa maofisi, na pengine ni hivyo. Ila filamu iliyomnyima Baxter kila kisingizio ingeweza kumbana zaidi kidogo mtu aliyesababisha yote.

Na kuna Bi Olsen, katibu wa Sheldrake, anayechezwa na Edie Adams. Yeye alikuwa wa zamani, kabla ya Fran, na ndiye anayemwambia Fran kwenye sherehe ya Krismasi orodha ya waliotangulia, idara kwa idara, pamoja na mgahawa ule ule na ahadi ile ile ya talaka. Ana kinyongo na amelewa, na maneno yake yanachangia kumfikisha Fran kwenye vidonge. Sheldrake akijua, anamfukuza kazi baada ya miaka yote ya kukaa nje ya mlango wake. Kabla hajaondoka ananyanyua simu, anampigia mke wa Sheldrake na kuomba wakutane. Ni simu hiyo iliyobomoa nyumba ya White Plains. Baxter alirudisha ufunguo na Fran alirudisha noti. Mtu pekee katika jengo la watu 31,259 aliyemgharimu Sheldrake kitu ni katibu aliyefutwa kazi. Wanaoiita filamu chafu hawamtaji. Wanaoitetea humtaja kama chombo cha kusukuma kisa. Filamu yenyewe ikishasikia simu yake haimtafuti tena, na hilo, kuliko kitanda na kuliko vidonge, ndilo ningelimwuliza Wilder.